RAM ya Nan-hee na Mlango wa Mama Tae-rim

"Usibonyeze!"

Haya, nyinyi mlioniandikia wiki nzima mkidai Nan-hee abonyeze kile kitufe, alipe, yaishe, aibu yenu. Mngemponza mtoto wa watu.

Aliyepiga ukelele ni Dae-gil, kaka yake. Alikuwa kasimama mlangoni, mswaki mdomoni kama kawaida ya kila mtu hapa kwetu baada ya chakula cha mchana, povu likimtiririka hadi kidevuni, kidole kimeelekea kwenye simu ya dada yake.

"Kaka, unanimwagia povu."

"Angalia joto lake!"

Nan-hee akaangalia. Katika lile soko la simu ambamo majirani huuziana vitu walivyochoka navyo, kila muuzaji hupimwa joto. Ukiwa mwungwana linapanda. Ukiwa mhuni linashuka. Huyu bwana, aliyeandika kwa upole "tuma moja kwa moja kwenye akaunti yangu, dada, nitakupunguzia", alikuwa na nyuzi thelathini na sita na nusu.

"Si joto la kawaida tu la binadamu?"

"Ndilo wanalompa kila anayejiandikisha! Huyu kazaliwa jana. Hajauza hata soksi. Utatuma pesa, litakuja boksi limefungwa vizuri, ndani tofali."

"Lakini kaandika kwa adabu."

"Matapeli wote wana adabu. Wenye majivuno ndio wauzaji halali."

Dae-gil akampokonya simu, akaandika: Tukutane ana kwa ana, mbele ya duka la kona, nione mzigo. Wakasubiri. Dakika moja. Mbili. Kisha jina la muuzaji likafutika, na picha ya RAM ya kompyuta aliyokuwa akiuza, na ule upole wote.

Nan-hee akashusha pumzi. Alikuwa amebakiza unywele mmoja tu auziwe mbuzi kwenye gunia.

Sasa, kwa ajili ya yule aliyefungia vitunguu gazeti la wiki iliyopita: Nan-hee Pyo ana miaka ishirini na tisa na anachora katuni za simu, zile ndefu unazozisoma kwa kuteremsha kidole. Ameingia shindano. Mia tatu walianza, wanane wamebaki, na yeye ni mmojawapo. Sura ya mwisho inatakiwa ifike Alhamisi, saa kumi na mbili jioni. Hapo tulipo ni Jumatano, saa tisa alasiri.

Na kompyuta yake imegoma.

Kurasa zote inafungua isipokuwa ule wa mwisho. Ukurasa huo ni mrefu kupita kiasi: msichana anamsubiri mtu kwenye kituo cha mabasi kuanzia asubuhi hadi taa zinazimwa, yote katika mteremko mmoja usiokatika. Nan-hee ameuchora vipande vipande. Kila akijaribu kuviunganisha, mashine inatoa mlio wa kusikitisha, kioo kinaganda, naye anaanza upya. Kumbukumbu yake ni ndogo. Inahitaji RAM.

Na akishindwa? Mbele ya baba yake, kwa kinywa chake mwenyewe, aliapa kwamba hii ndiyo mara ya mwisho. Asiposhinda anaweka kalamu chini, anakwenda Seoul, anaingia darasa la mtihani wa utumishi wa umma, anavaa suruali ya mazoezi mwaka mzima na kukariri sheria za manispaa. Baba keshamnunulia kalamu za kupigia mistari, rangi tano. Zimewekwa juu ya friji, mahali pa kuonekana vizuri.

"Nimeshapiga simu maduka yote ya Cheongju," Nan-hee alisema. "Wote wanajibu imekwisha, njoo Jumatatu."

"Mji una kiwanda cha hivyo vitu!"

"Kiwanda kinapeleka ng'ambo. Sisi tunabaki na harufu."

"Basi tununue mtandaoni kwa akili." Dae-gil akaenda kusukutua, akarudi, akakalia kiti cha dada yake bila kuombwa. Huyu kaka aliwahi kubadilisha betri ya rimoti mwaka juzi, na tangu hapo familia nzima inamwita fundi. "Tuanze na ile tovuti ya ng'ambo ya bahari. Bei ya karanga!"

"Inafika lini?"

"Siku kumi..." akasogeza uso kwenye kioo, "hadi ishirini na moja."

"Shindano linaisha kesho, Kaka."

"Sikusema tununue. Nimesema tuanze nayo."

Wakaenda kwenye tovuti inayolinganisha bei, maduka mia yamepangwa kuanzia la rahisi hadi la ghali. Dae-gil akapiga simu duka la kwanza.

"Ipo?"

"Ipo kaka, ipo! Ila hiyo unayoiona imekwisha asubuhi hii. Tuna nyingine, imepanda kidogo."

La pili nalo, imekwisha asubuhi hii. La tatu, imekwisha asubuhi hii. Sijui asubuhi hiyo ilikuwa na nini. Duka la nne lilisema ipo kweli, njoo uichukue mwenyewe, liko Busan.

"Kaka," Nan-hee alisema taratibu, "si tununue tu kwenye lile duka kubwa? Ukiagiza leo, inakuwa mlangoni kabla ya jua kuchomoza. Uanachama tunalipia kila mwezi, na wewe ndiye unayeutumia kunizidi."

"Lile? Hapana!"

Alilitamka kwa nguvu hata yeye mwenyewe akashtuka.

"Mbona hapana?"

"Ni ghali."

"Ghali ya duka moja, au ghali ya mwaka mzima Seoul?"

Masikio ya Dae-gil yalikuwa mekundu. Nan-hee aliyaona, akadhani ni joto la sakafu. Siku hizo za kutia kimchi, ile kabichi ya pilipili ya majira ya baridi, kila nyumba huwasha moto wa sakafu mpaka soksi zinaungua.

"Sawa," kaka akasema haraka. "Sawa! Lakini lete simu, naagiza mimi. Usiguse kitu humo ndani. Wewe hujui aina."

"Kumbe ziko aina?"

"Ya nne na ya tano. Ya nne hawana. Ya tano ipo. Na ya tano ndiyo mpya."

"Itaingia kwenye mashine yangu?"

"Mdogo wangu," Dae-gil alisema, akiinamia simu na kuificha kwa bega kama mwanafunzi anayeficha majibu, "kipya huingia popote."

Akagonga hapa, akagonga pale, akarudisha simu imezimwa kioo. "Tayari. Kesho saa kumi na mbili asubuhi ukifungua mlango utaikanyaga."

Nan-hee alimkumbatia kaka yake. Ndiyo, msomaji, alimkumbatia. Usiniulize.

* * *

Alhamisi, saa kumi na mbili kasoro dakika tano asubuhi, simu ililia.

Kifurushi chako kimefika. Kiko mbele ya mlango.

Nan-hee alitoka mbio bila ndala. Akafungua mlango. Hakukuwa na kitu. Akachungulia nyuma ya baiskeli ya jirani. Akainua zulia la kufutia miguu, ingawa RAM haiwezi kujificha chini ya zulia, lakini mwenye shida huinua kila kitu.

Akarudi kwenye simu. Wale vijana wa kupeleka mizigo hupiga picha kila wanapoacha kifurushi, iwe ushahidi. Picha ilikuwapo. Boksi dogo la kahawia, limewekwa vizuri kabisa, mbele ya mlango wa kijani.

Mlango wao ni wa kijivu.

Pembeni ya ule mlango wa kijani kulikuwa na magudulia matatu ya udongo, la katikati ufa wake umezibwa kwa gundi nyeupe. Nan-hee aliikaribia picha. Akaikuza.

Ule ufa aliutia yeye. Miezi kumi na mitano iliyopita, alipokuwa akisaidia kubeba lile gudulia, na mwenye nyumba akamwambia, "Usilie mwanangu, ufa hauharibu mchuzi."

Ulikuwa mlango wa Mama Tae-rim.

Tae-rim! Mwanamume ambaye miezi kumi iliyopita walikubaliana kukutana kituo cha mabasi waende pamoja Busan wakapeleke katuni yao ya kwanza kwa wachapishaji, yeye akichora mistari, Nan-hee akitia rangi. Nan-hee akakaa pale tangu asubuhi hadi taa zikazimwa. Tae-rim hakutokea. Ukaja ujumbe mmoja tu: Samahani. Endelea bila mimi. Tangu siku hiyo Dae-gil alipiga marufuku jina la Gi, ukoo wa kina Tae-rim, kutajwa ndani ya nyumba, hata kwenye habari za televisheni.

"Kaka!"

Chumba cha Dae-gil kilikuwa kitupu. Kitanda kimetandikwa. Mswaki wake bado una maji.

* * *

Saa mbili na nusu Nan-hee alivuka mto Musimcheon kwa teksi, akapanda hadi ghorofa ya saba, akasimama mbele ya mlango wa kijani akifanya mazoezi ya salamu. Aseme nini? "Mama", kama zamani? Au "Mama Tae-rim", kama jirani wa kawaida? Boksi halikuwapo tena. Alikuwa hajaamua mlango ulipofunguka wenyewe.

"Nan-hee!"

Bi Maeng Sun-ok, mama yake Tae-rim, alikuwa amevaa glavu ndefu za mpira, nyekundu za pilipili hadi kwenye viwiko. Nyuma yake, sebule nzima ilikuwa kabichi. Nan-hee akainama hadi kiunoni.

"Shikamoo, Ma... Mama..."

"Marahaba. Umekonda! Ingia, vua viatu, fungua mdomo."

"Mama, nimekuja kwa ajili ya..."

"Mdomo!"

Akafungua. Jani la kabichi lililozungushiwa chaza na pilipili likaingia lote kwa mpigo. Siku ya kutia kimchi hakuna mtu anayeingia nyumba ya mwenzake akatoka na mdomo mtupu, na Bi Maeng alilisha watu kwa mkono wa jeshi.

"Kifurushi cha tano hiki!" mama alisema, macho yakimlengalenga. "Mwezi mmoja, vifurushi vitano! Mafuta ya mikono. Glavu. Kile kitu cha kupasha miguu. Soksi dazeni nzima. Ona, nimezivaa! Nikamwambia binti yangu Ye-dam, huyu Nan-hee hana kinyongo. Kaka yako kamwacha kituoni kama mzigo uliosahauliwa, na bado ananitumia mimi soksi."

"Mmh?" Nan-hee alisema, maana alikuwa na chaza mdomoni.

"Jina lako limeandikwa kila boksi. Pyo Nan-hee, Pyo Nan-hee. Ye-dam akainama tu, masikio mekundu."

Masikio mekundu.

Nan-hee alimeza. Chaza, pilipili, na ukweli, vyote kwa pamoja. Akaunti ni ya jina lake. Lakini anayeagiza ni nani? Nani jana hakutaka aguse kitu humo ndani? Simu ile ilikuwa imekumbuka anuani ya mwisho iliyotumiwa, na anuani ya mwisho iliyotumiwa haikuwa ya nyumbani.

Kikulacho ki nguoni mwako, na pengine kinatumia hata uanachama wako.

Akapiga simu.

"Kaka. Soksi."

"Soksi zipi?"

"Niko kwa Mama Tae-rim."

"Haloo? Haloo? Sikusikii, niko kwenye lifti!"

"Kaka, saa hizi uko kazini, na kazini kwenu ni kontena."

"Ye-dam ni mtu tofauti kabisa na kaka yake," Dae-gil alisema hatimaye kwa sauti ndogo.

"Miezi kumi umenikataza hata kutazama utabiri wa hali ya hewa kwa sababu mtangazaji anaitwa Gi!"

"Nilikuwa nakulinda."

"Njoo hapa. Sasa hivi. Umweleze mama wa watu nani anamvisha soksi."

Akakata. Akageuka kwa Bi Maeng, akainama tena. "Mama, tafadhali, kifurushi cha leo. Kile nakihitaji. Ni RAM ya kompyuta."

"Kile si kingine cha kupasha miguu?"

"Hapana, Mama."

"Lo! Mimi nimempa Tae-rim akifungue, nikamwambia Nan-hee kakukumbuka."

Mlango wa chumba cha ndani ukafunguka.

Miezi kumi Nan-hee alikuwa ameandaa hotuba ya siku hii. Ilikuwa na sehemu tatu na mahali pa kunyamaza kwa dharau. Sasa alikuwa na nywele za kitandani, soksi za rangi mbili tofauti na pilipili kwenye kidevu.

Tae-rim alisimama pale ameshika lile boksi kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha chombo cha jirani. Alikuwa amechoka. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa wino.

"Hizi ni za aina ya tano," alisema.

"Najua," Nan-hee akajibu, kichwa juu. "Ndiyo mpya."

"Mashine yako ni ya aina ya nne."

"Unajuaje mashine yangu?"

"Nani aliifunga?"

Ni kweli. Ni yeye aliyeifunga, sakafuni, wakila mandazi ya mvuke, bisibisi moja wakipokezana.

"Haziingii," Tae-rim alisema, sasa kwa upole zaidi. "Pengo la kuchomekea liko mahali pengine. Ukilazimisha, utavunja mashine nzima."

Nan-hee akakaa chini, palepale kati ya kabichi. Saa tatu asubuhi. Maduka hayana. Kurudisha na kuagiza upya ni kesho. Kesho ni Seoul. Alitaka kulia na aliona haya kulia, na Bi Maeng, aliyedhani ni pilipili, akampa maji ya shayiri.

"Ni kwa ajili ya shindano?" Tae-rim aliuliza.

"Ulijuaje?"

"Niliona orodha. Wewe ni namba sita. Mimi ni namba tatu."

Eeh! Hilo hamkulitarajia. Wala yeye. Nan-hee alikuwa ameisoma orodha ile mara mia, lakini Tae-rim alikuwa ameandika jina la uchoraji, jina ambalo Nan-hee hakulijua.

"Umeshatuma?"

"Bado. Nimebakiza kama nusu siku." Akatazama chumbani kwake, akatazama boksi lililoko mkononi. "Mashine yangu ina RAM ya kutosha. Inafungua chochote. Kaa ufanye kazi mpaka saa saba na nusu. Kisha nami nifanye mpaka kumi na mbili."

"Utashindwa kumaliza."

"Huenda."

"Basi kwa nini?"

Tae-rim akafikiri. "Kwa sababu mama yangu kavaa soksi zako."

"Siyo zangu!"

"Yeye hajui bado."

Nan-hee hakutaka kucheka. Kilimtoka tu, kicheko kidogo, akakigeuza kikohozi. Angeweza kukataa. Angesimama, angesema ile hotuba yenye sehemu tatu, angetoka na heshima yake yote na kwenda kukariri sheria za manispaa. Heshima ni kitu kizuri. Lakini alitaka kuchora. Alitaka kuchora kuliko alivyotaka kumchukia, na kujua hivyo kulimuumiza kidogo.

"Sharti moja," alisema. "Ugeuke ukutani."

"Hiki ni chumba changu."

"Geuka ukutani."

Kisa cha sharti hilo unakijua tayari, wewe msomaji mwerevu. Yule mtu anayesubiriwa kituoni katika katuni yake, asiyetokea, mwenye masikio makubwa na miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyechorwa sura kumi zilizotangulia kama mwoga kupita waoga wote wa dunia, alikuwa amesimama pale akiwa na masikio makubwa na miwani iliyofungwa kwa uzi.

Tae-rim aligeuka ukutani.

Kazi yote ya Nan-hee hujihifadhi mtandaoni, kwa hiyo lilimtosha neno la siri tu. Vipande vya ukurasa wa mwisho vikaja kimoja kimoja. Akavichagua vyote. Akaviunganisha. Akafumba macho akisubiri ule mlio wa kusikitisha.

Hakuna mlio.

Alipofumbua macho, ukurasa ulikuwa umefunguka wote, kwa mara ya kwanza tangu auchore. Akauteremsha taratibu. Asubuhi kituoni, mchana, jioni, theluji nje ya kioo, mfagizi akipita mara ya tatu. Msichana kwenye benchi. Picha sitini na mbili.

Kwenye picha ya ishirini mkono wake ukapunguza mwendo. Kwenye ya arobaini ukasimama.

Vipande vipande alikuwa amechora hasira. Hilo ndilo alilokusudia, na ndilo alilodhani amefanya. Lakini sasa aliona kitu ambacho hakukikusudia hata kidogo. Abiria walikuwa wengi, wengine wamesimama, na msichana alikuwa na mkoba mzito magotini, na kila picha, ya kwanza mpaka ya mwisho, kiti kilicho kando yake kilikuwa kitupu. Hakuweka mkoba pale. Hakumwachia mtu akae. Hata taa zilipozimwa, mkono wake ulikuwa juu ya kile kiti, umekishikilia.

Mtu aliyekwisha kumkatia tamaa mwenzake hamshikii kiti.

Nan-hee aliukodolea macho ukurasa muda mrefu kiasi kwamba Tae-rim akasahau ukuta. Aligeuka. Akaona.

Alisogea, akasoma kutoka juu hadi chini, na Nan-hee hakuwa na nguvu ya kumfukuza kwenye chumba chake mwenyewe. Alipofika chini kabisa alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Ni nzuri," alisema. "Ni nzuri kuliko yangu. Utashinda."

"Sikuulizi."

"Lakini mwisho siyo wa kweli."

"Ni hadithi, Tae-rim. Siyo ripoti ya polisi."

"Umeandika hakuja." Akagusa kile kiti kitupu kwenye kioo. "Nilikuja, Nan-hee. Saa mbili na robo asubuhi. Nilikuona umevaa lile koti la njano. Nilikuwa nyuma ya mashine ya kahawa, hatua kumi, na tiketi mkononi."

Nan-hee alihisi sakafu yote ya moto imepoa.

"Unasema uongo."

"Picha ya nne. Umejichora na koti jeusi. Siku ile lilikuwa la njano, na kifungo cha juu hakikuwepo."

Hakikuwepo. Kilikatika akishuka kwenye teksi, na hakumwambia mtu yeyote.

"Basi mbona hukutokea?" Aliuliza kwa sauti ambayo hakuitambua. "Hatua kumi! Nilikaa pale mpaka wakazima taa. Hatua kumi tu, mbona hukuja?"

Tae-rim alifungua mdomo.

Kengele ya mlango ikalia.

"Ohoo, Dae-gil!" Sauti ya Bi Maeng ilijaa nyumba nzima. "Na sanduku la matunda ya persimoni! Ingia mwanangu, ingia, vua viatu, fungua mdomo!"

Tae-rim akatazama upande wa sebule. Hakuwa amekasirika. Alikuwa na uso wa mtu ambaye amebeba gunia kwa miezi kumi na sasa anaona mahali pa kulitua.

"Nilikuwa nimeshapiga hatua mbili," alisema. "Kuna mtu akanishika bega. Alichoniambia siku ile kilinirudisha nyumbani, na nadhani ni yeye anayepaswa kukisema, si mimi."

Nan-hee aliinuka. Pale kizingitini alikuwa amesimama kaka yake, sanduku kifuani, mashavu yamejaa kabichi, amemwona dada yake, amemwona Tae-rim nyuma yake, ameuona ukurasa uliofunguka kwenye kioo. Rangi ilikuwa inamtoka usoni, kuanzia masikioni.

Nan-hee alijua sasa ni mkono wa nani ulioshika bega lile, lakini hakumpigia kelele. Alivuta kiti cha pili, akakiweka mbele ya mashine, akakaa kwenye cha kwanza na kushika kalamu. Chini ya picha ya sitini na mbili kulikuwa na nafasi nyeupe, ndefu ya kutosha.

"Meza hiyo kabichi, Kaka, ukae hapa," alisema. "Zamu yangu inaisha saa saba na nusu, na mwisho wa hadithi yangu ni wa uongo. Anza kusema, nami nachora."